Aliyemwitikia Malimi

Kambini,
23 Februari 2025

Mama Gladness,

Ni mimi mumeo Malimi, ila mkono ni wa Oyoo kama siku zote. Mimi nimekaa juu ya kopo la rangi, yeye kajinyoosha kwenye godoro anaandika, na ameshaanza kunirekebisha maneno. Nimemwambia andika ninavyosema, Mjaluo wewe, mke ni wangu.

Barua yako ya Januari alinisomea mara mbili. Nimefurahi Gladness kuingia darasa la nne. Mwambie baba yake akirudi atamfundisha hesabu, ila za kichwani tu, za kuandika amwulize Oyoo.

Kazi ni ile ile. Tunajaza mifuko ya mchanga na kushusha mizigo ya ndege za jeshi. Za kivita zinaruka alfajiri, hatuambiwi zinakwenda wapi. Simu zetu walizichukua getini siku ya kwanza, kwa hiyo usihangaike kupiga. Barua hizi yupo mwanajeshi anayejua Kiswahili, anazisoma kabla hazijafungwa, anakata habari za mji na vita tu, mengine hajali. Usiulize mji wala vita vinaendaje. Msalimie tu.

Oyoo kapata bahati. Kwa vile aliishia kidato cha pili na mwandiko wake unasomeka, mchana wanampeleka ofisi ya mishahara ya kikosi. Asubuhi anabeba mifuko na sisi, mchana yuko chini ya feni na sajini, ananakili nani alikuwepo kazini na nani hakuwepo. Mwisho wa mwezi ndiye anayetushika dole gumba na kulikandamiza kwenye wino. Siku hizi anatembea na kalamu sikioni.

Mimi homa imenikamata siku ya tatu leo. Vidonge wametupa, ila kibarua akilala siku hiyo hailipwi. Unakumbuka Mwaloni, pale sokoni tulipokuwa tunabeba mizigo ya samaki, nyapara akiita jina la mtu aliyezidiwa, mwenzake anaitika "nipo", kundi linabeba sehemu yake, na jioni anapelekewa chake nyumbani? Mtindo huo tumekuja nao mpaka huku vitani. Oyoo ananiitikia. Anasema anaiga sauti yangu, kumbe anabana pua tu. Mimi najilaza kwenye ghala la maturubai, kuna ubaridi kidogo.

Mama msalimie, mwambie nakula vizuri.

Mumeo,
Malimi Luhaga

Shemeji, hapa naandika yangu. Sauti yake naipatia kabisa, asikudanganye. Homa inapungua. — Oyoo


Kirumba, Mwanza
9 Machi 2025

Baba Gladness,

Sisi wazima. Hela ya Februari nimechukua jana pale kwa wakala aliyewapeleka huko, nikalipa kodi ya chumba na nyingine nikampelekea mama yako kule Magu. Mama kaishika, akaniuliza, "Na mwenyewe umemsikia sauti?" Nikamwambia simu haziruhusiwi. Akasema, "Hela haina sauti." Ndivyo alivyo, unamjua.

Dagaa wiki hii hawana bei. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, wangu waligeuka weusi juu ya chanja, nikauza kwa wafuga kuku. Usinicheke.

Sasa nakuuliza, na huyo anayesoma barua anisamehe. Jumatano ile ya mwisho wa Februari redio ilisema uwanja wa ndege wa huko umeshambuliwa. Hawakusema nani kaumia. Nilikwenda kwa wakala, yule dada akanifungulia kompyuta yake, akasema vibarua wote wapo, hakuna aliyepungua. Nikamshukuru nikarudi nyumbani. Lakini tangu siku hiyo nageuza dagaa na redio pembeni, siizimi.

Niandikie hata mistari miwili. Homa je?

Shemeji Oyoo, mbane huyo bwana asiache vidonge katikati. Nakujua, wewe akikuchekesha unamwachia kila kitu.

Mkeo,
Bernadeta


Kambini,
21 Machi 2025

Shemeji Bernadeta,

Salamu nyingi kutoka kwa sisi wote huku. Barua yako tumeipata. Leo naandika peke yangu kwa sababu Malimi bado homa inamsumbua, hana nguvu ya kukaa na kunitamkia maneno. Usishtuke. Amelala tu.

Lile la redio ni kweli palikuwa na kelele kidogo, mabomu mawili matatu, likapita. Kazi zinaendelea.

Anawasalimia. Gladness asome. Mama aache kuwaza.

Nami mgongo unauma, nimechoka, chakula ni maharage na mchele usiopembuliwa. Sina zaidi. Sajini ananiita, tunafunga hesabu za mwezi.

Shemeji yako,
Oyoo


Kirumba,
6 Aprili 2025

Shemeji Oyoo,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Mistari kumi na mbili. Wewe ambaye ukiandika barua ya Malimi unaongeza na yako pembeni, leo umeishiwa maneno.

Jana nimechukua hela ya Machi. Dada wa wakala akanipa na karatasi ya malipo kama kawaida, nikaja nayo nyumbani nikaisoma usiku mzima, maana sina nyingine ya kusoma. Imeandikwa Malimi Luhaga, siku za kazi ishirini na sita. Siku za kuumwa, hakuna. Siku alizokosa, hakuna. Na chini, masaa ya ziada, arobaini.

Mwanzo nilifurahi. Nikasema mume wangu kapona, anachapa kazi. Halafu nikachukua barua yako, nikaziweka mbili hizo kitandani, moja huku moja huku. Mtu gani huyu anayeumwa hata kutamka barua hawezi, lakini mwezi mzima hajakosa kazini hata siku moja, na jioni anabaki kuongeza masaa?

Najua mnaitikiana. Nimeolewa na mtu wa Mwaloni, najua. Lakini hata Mwaloni tulimwitikia mtu siku mbili, tatu. Na hakuna aliyemwitikia mgonjwa masaa ya ziada.

Karatasi hizo unaandika wewe. Malimi aliniambia. Basi sikuulizi hali yake, nakuuliza wewe umeandika nini na kwa nini.

Je, amepata mwanamke huko? Amekatika mguu? Amefungwa? Nimewaza yote. Mama amekuja kutoka Magu bila kuniambia, yuko hapa chumbani, anashinda amekaa mlangoni. Nikirudi kutoka mwaloni ananitazama mikono kama nina barua.

Shemeji, nijibu wewe mwenyewe.

Bernadeta


Kambini,
19 Aprili 2025

Shemeji Bernadeta,

Barua hii haikupita getini. Collins, kibarua mwenzetu, amemaliza mkataba, anarudi kwao Rorya na atapita Mwanza, nimempa mkononi. Kaa chini kwanza. Kama Gladness yuko karibu mtume dukani.

Malimi amekufa. Leo ni siku ya hamsini na mbili.

Naandika hivyo moja kwa moja kwa sababu nimeanza barua hii mara tano kwa salamu, na kila mara salamu inanipeleka kwenye uongo.

Ilikuwa tarehe 26 Februari. Alfajiri, kabla ya kuitwa majina, nilimpelekea chai ghalani. Akaniambia, "Leo niitikie kwa adabu, jana ulinifanya kama mlevi." Nikacheka, nikatoka. Sijafika uwanjani zikaja zile ndege ndogo zisizo na rubani. Tukajitupa mtaroni. Vumbi lilikuwa jingi, hata mkono wako huuoni. Zilipokwisha, sajini akatembea ukingoni mwa mtaro na karatasi yake anaita majina, ajue nani kapungua. Jina likikosa jibu, wanajeshi wanakwenda kumtafuta mtu huyo na kuchimba. Ndiyo utaratibu wao. Niliujua vizuri, fomu hiyo naijaza mimi.

Akaita Malimi Luhaga. Nikaitika.

Shemeji, sikuwaza. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nawaza nini, sioni kitu. Siku sita mfululizo nilikuwa naitika jina hilo, mdomo ukafunguka wenyewe. Hata pua nilibana.

Majina arobaini na nane, wote tumeitika. Sajini akashukuru Mungu. Ndege zao zilikuwa angani zinataka kutua, kwa hiyo katapila likaja hapo hapo likasawazisha kila kilichoanguka karibu na njia ya ndege. Ghala la maturubai lilikuwa chini. Nilidhani Malimi amekimbia na wengine, yuko mwisho wa mtaro. Nikaenda mwisho wa mtaro. Nikaenda kwenye mahema, chooni, jikoni. Niliporudi katapila lilikuwa limepita juu ya ghala mara tatu.

Nikaenda kwa Muganyizi, nyapara wetu, yule Mhaya wa Bukoba aliyesoma. Akaniuliza, "Umeitika au hukuitika?"

"Nimeitika."

"Basi yupo. Ukisema hayupo utaeleza ulikuwa unamwitikia nani wiki nzima, na mimi nitaeleza kwa nini sikuona. Sote tunarudishwa kwetu bila senti. Na huenda mwenzako katoroka. Ngoja kesho."

Nikangoja. Kesho ikafika, jina likaitwa, nikaitika. Maana kunyamaza siku ya pili ni kukiri ya siku ya kwanza. Siku ya tatu vivyo hivyo. Kila siku inafanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Mchana naingia ofisini naweka alama ya vema kwenye jina lake. Mwisho wa mwezi nilichovya dole gumba langu kwenye wino nikalikandamiza mahali pake, likaonekana sawa na mengine, hakuna aliyeangalia. Masaa ya ziada niliyaongeza mimi. Nilidhani nakusaidia. Kumbe ndiyo yaliyonifichua, na nashukuru.

Mkataba unasema aliyekufa kwa shambulio watu wake wanalipwa fidia na mwili unarudishwa. Lakini karatasi zangu zinaonyesha amebeba mifuko mwezi mzima baada ya kufukiwa. Nikisema sasa, wanaweza kusema kafa vipi huyu, mbona alikuwa kazini. Wanaweza kukudai hata hela ya Machi. Mimi wanaweza kunifunga, hapa sheria ni ya jeshi. Nisiposema, hela itakuja mpaka mkataba uishe Novemba, halafu watamwandika ametoroka. Hayo nimeyahesabu yote. Kuhesabu nimejifunza.

Lakini nikilala narudi mtaroni. Kama ningenyamaza wangechimba. Sijui kama wangemkuta hai. Ujue tu kwamba sijui, na nitabaki hivyo hivyo.

Sikuombi msamaha, siwezi kuuomba kwa karatasi. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Oyoo


Kirumba,
30 Aprili 2025

Shemeji Oyoo,

Collins alifika salama. Alikula hapa, akaendelea na safari. Ulichomtuma nimekipokea na nimekielewa chote.

Siwezi kuandika mengi, unajua barua zinapita kwa nani.

Mama bado yuko nami. Sijamwambia. Nasubiri nijue pa kuanzia, maana hapa hatuwezi kukaa matanga ya mtu ambaye karatasi zinasema leo asubuhi kaenda kazini. Majirani wananipongeza kwa mume mchapakazi. Hela ya Aprili sitaenda kuichukua.

Uliniuliza ufanye nini. Wakiita lile jina, nyamaza. Wakirudia, nyamaza. Yatakayokuja baadaye yatatukuta sote.

Halafu uniandikie kila ulichokiona, hata kikiwa kibaya. Usinipambie. Umeshanipambia mara moja.

Bernadeta


Kambini,
14 Mei 2025

Shemeji Bernadeta,

Barua yako ilinifikia jioni ya tarehe 7. Asubuhi ya tarehe 8 tulipanga mstari kama kawaida, Muganyizi mbele. Sikumwambia mtu.

Sajini akaita. Jina la Malimi ni la kumi na tisa. Akaita Malimi Luhaga. Kimya. Wenzangu wakageuza shingo kunitazama. Aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Oyoo, umelala?" Sajini akarudia kwa nguvu zaidi. Nikatazama chini. Akaweka alama, akaendelea.

Sasa sikia. Jina la thelathini na moja, kimya. Huyo ni Lwakatare, kijana wa Kagera. La arobaini, kimya tena. Kumbe hao wawili walivuka mto usiku mmoja mwezi Machi wakatoroka, na wenzao wakawa wanawaitikia ili hela iende kwao. Mimi nikiwaandikia vema kila siku, sijui. Kila kundi lilikuwa na wa kwake. Nilipomwacha Malimi bila jibu, waliokuwa wakiwaitikia hao wawili nao wakaogopa kuitika.

Sajini aliacha kusoma. Alipita akitugusa bega mmoja mmoja anahesabu. Arobaini na wanne, na majina ni arobaini na saba tangu Collins aondoke. Akanitazama mimi, maana karatasi ni zangu. Nikatoka mstarini nikamwambia yote, Muganyizi akitafsiri. Alitafsiri vizuri, hata pale palipomhusu hakuruka. Sajini akauliza tu, "Wapi?" Nikaonyesha.

Wanajeshi walisema wangoje amri. Sisi hatukungoja. Nilichukua koleo, nikasikia mtu pembeni anachimba pia, nikatazama, ni Muganyizi na shati lake la nyapara. Hakunisemesha na mpaka leo hanisemeshi. Wengine wakaja. Mmoja alinitukana mpaka mchana huku anachimba.

Tulimkuta saa tisa alasiri.

Ulisema nisikupambie. Godoro lake tulilikuta kwanza, na kikombe cha chai. Yeye hakuwepo juu yake. Alikuwa mlangoni. Kutoka godoro mpaka mlango ni hatua nne, nilizipima mwenyewe kwa sababu nilijua utaniuliza. Boriti ya paa ilimwangukia pale. Daktari wa kikosi anasema huenda alisimama aliposikia kishindo cha kwanza, akafa hapo hapo. Anasema huenda. Nilimuuliza mara tatu, na mara zote tatu akasema huenda.

Tulimwosha. Mwili utafika Mwanza kwa ndege, wakala atakuita. Fidia sajini amesema wataandika upya, ila hakuahidi. Mimi nimetolewa ofisini, mshahara wangu umezuiwa mpaka wamalize kuuliza maswali. Wanasema nitarudishwa katikati ya Juni. Sijui kama ni nyumbani moja kwa moja au kuna mahali pa kupitia kwanza.

Barua hii yule msoma barua ameisoma mbele yangu. Hakukata neno.

Oyoo


Kirumba,
2 Juni 2025

Shemeji Oyoo,

Tumemzika Magu tarehe 24. Watu walikuja wengi, hata wabebaji wa mwaloni walikodi gari. Matanga tumeanua juzi. Gladness haongei sana, anakula. Kuhusu fidia wakala anasema nirudi mwezi ujao, nitarudi.

Nimekukasirikia, sikufichi. Kuna siku nageuza dagaa nasema ningekuwa na Oyoo hapa ningempiga na chanja. Halafu nakumbuka ni wewe uliyempelekea chai. Sijui nifanye nini na mambo hayo mawili, yanakaa pamoja tu.

Sasa nisikilize. Mama ameuliza nani alikuwa na mwanawe siku za mwisho. Nikamwambia ni wewe. Anataka uje Magu umweleze kwa mdomo wako. Amesema hata ikiwa mwakani atangoja. Ukitoka huko, usipite kwenu kwanza. Njoo.

Jambo la kuitika nimemweleza lote, nilitaka alisikie kwangu. Jioni akasema na huyo kijana ana mama.

Lakini barua yako ya Mei hajasomewa yote. Nilipofika pale kwenye godoro nilisimama. Alikuwa ananitazama, ana miaka sabini na mbili, nikamwambia walimkuta palepale alipolala, amejifunika, kama mtu aliyechoka. Akaniuliza, "Hakuamka?" Nikasema hakuamka. Tangu hapo ameanza kulala usiku.

Mimi zile hatua nne ninazo, nitakaa nazo. Nilikuomba mwenyewe.

Yeye akikuuliza, shemeji, alikuwa amelala.

Bernadeta